Sisi "mafundi" wa kupiga Windows: kutoka hapa kwenda ufundi wa kweli mtu anapita wapi? (uzi mrefu)

KeboNyekundu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nianze kwa kujieleza, maana najua humu tuko wengi wa aina yangu. Kazi yangu ni uhasibu, nipo Morogoro. Kompyuta sikuisomea popote. Nilianza 2009 kwenye intaneti kafe ya binamu yangu, nikawa naangalia anavyofanya, halafu akiondoka na mimi najaribu. Leo ofisini printa ikigoma naitwa mimi kabla ya yule kijana wa TEHAMA aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Mtaani wananiita injinia. Na huo uinjinia niliupenda, sitawadanganya.

Sasa sikilizeni.

Kuna mwalimu jirani yetu, mama mtu mzima, anasoma shahada ya uzamili huku anafundisha. Akaniletea laptopu yake. Ukibofya kitu, unakwenda kubandika chai, unarudi, kile kiduara bado kinazunguka. Nikafungua Task Manager: diski asilimia 100, na hakuna programu ya maana inayofanya kazi. Nikatikisa kichwa kama daktari. "Virusi hivi, Mwalimu. Tupige Windows upya." Akaniuliza, "Na vitu vyangu?" Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kila kilichoko D (sehemu ya diski ya kuwekea vitu) nimeshakihamishia kwenye flashi. Nikafomati C, nikapiga Windows, nikaweka Office, nikamwekea na picha ya maua kwenye skrini kama nyongeza. Akanipa elfu ishirini, tukaagana vizuri.

Saa mbili usiku simu inaita. "Mwanangu, sura ya nne iko wapi?"

Sura ya nne ya utafiti wake ilikuwa kwenye Desktopu. Na Desktopu inakaa C, ndani ya folda ya Users. Jambo lenyewe nalijua! Ungeniuliza kwenye mtihani ningekujibu bila kufikiri. Lakini mkono ulishazoea njia yake: nakili D, fomati C, piga Windows, pokea hela. Mkono ukatangulia, kichwa kikafuata nyuma.

Nikashusha PhotoRec, programu ya kurudisha mafaili yaliyofutika, nikaiachia ile diski usiku kucha. Ikarudisha mafaili kwa maelfu, lakini haya mafaili yanarudi bila majina: herufi f, kisha tarakimu ndefu, basi. Usiku nne nafungua moja baada ya jingine. Nikakuta barua za shule, mitihani ya darasa la sita, orodha ya michango ya harusi, mpaka nikaipata sura ya nne ya zamani, ile ambayo majedwali yalikuwa hayajawekwa. Mwalimu akashukuru. Ile shukrani iliniuma kuliko kama angenitukana.

Na hamjasikia mwisho wake. Baada ya wiki mbili laptopu ikawa nzito vilevile. Ndipo nikaweka CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, kitu cha dakika mbili. Rangi ya njano, Caution, sekta mbovu kibao. Virusi havikuwepo tangu mwanzo. Diski ilikuwa inakufa, na mimi nikaiandikia Windows nzima juu yake.

Kwa hiyo swali langu kwenu mliosomea au mnaoishi kwa kazi hii: mimi najua vitu vingi vya kompyuta, lakini nimegundua sijui kazi. Hapo katikati kuna nini? Watu mlivukaje?

MpigaChabo

Nimekaa pale, ngoja waje. Ila kabla hawajaja: elfu ishirini ulirudisha?

KeboNyekundu

Nilirudisha, mkuu. Na diski mpya nikanunua kwa hela yangu.

MpigaChabo

Haya, endelea. Uzi una adabu huu.

MzeeWaSeva

Kijana, nimekusoma mpaka mwisho, na nikupe kwanza kosa ambalo hujaliona hadi sasa.

Ile diski ulipoiendeshea PhotoRec usiku kucha, ilikuwa mgonjwa mahututi nawe ukamkimbiza mbio za marathoni. Diski yenye sekta mbovu kila inaposomwa inazidi kwenda. Utaratibu ni huu: unaichomoa, unaiunganisha kwenye mashine nyingine yenye Linux (mfumo wa uendeshaji, kama ilivyo Windows), unatumia programu ya ddrescue kutoa nakala ya diski nzima kuwa faili moja kwenye diski nyingine isiyo na ubovu. ddrescue ina akili: inasoma kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi, zile ngumu inazirudia mwishoni, na inaandika ramani ya ilipofika, ili umeme ukikatika uendelee pale pale. Kisha hiyo PhotoRec unaifanyia kwenye nakala. Mgonjwa mwenyewe unamweka pembeni, humgusi tena.

Na ushukuru ilikuwa HDD, diski ya sahani inayozunguka. Ingekuwa SSD, ile ya chipu tupu, Windows inapofomati inaiambia diski kwamba maeneo yale hayana kazi tena, nayo inayafuta kimyakimya. Hapo hata hiyo sura ya nne ya zamani usingeiona.

Sasa swali lako. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na kitu, nimefundisha vijana wengi wa aina yako, na mara nyingi nyinyi mnajua mbinu nyingi kuliko waliotoka chuo. Mnachokosa ni kubashiri. Fundi kabla hajabonyeza Enter anaweza kukwambia kitakachotokea, na kisipotokea anajua kwamba alichodhani si sahihi. Wewe uliona diski asilimia 100 ukasema virusi. Ungejiuliza tu: kama ni virusi, niione dalili gani nyingine? Kama ni diski, niione nini? Jibu lilikuwa dakika mbili mbali, umelisema mwenyewe.

Kuna kijana nilimpa daftari la mistari miwili: "Natarajia nini" na "Nimeona nini". Kila amri aandike kabla ya kuipiga. Alinichukia. Mwezi wa tatu akaniletea daftari mwenyewe, akasema, "Mzee, nimegundua nusu ya ninayotarajia hayatokei." Nikamwambia sasa tunaweza kuanza kazi.

binti_terminal

Shikamoo MzeeWaSeva, umeongea yote, mimi nachomekea tu.

Mleta uzi, mimi sikusomea kompyuta, nimesoma ualimu wa biashara. Sasa hivi niko kitengo cha mtandao kwenye kampuni moja inayouza intaneti, nisiitaje. Nataka nikuonyeshe watu kama wewe mnaonekanaje mkiwa upande wa pili wa simu, na usininunie.

Mnaikumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024? Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa mpigo upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti Tanzania ikawa taabu, Kenya na Uganda nao wakaguswa. Nilikuwa zamu. Simu zilizotuchosha siku ile hazikuwa za wateja wasiojua kitu. Wale ukiwaambia kuna hitilafu kubwa wanasema sawa dada, tunasubiri. Waliotuchosha ni wataalamu. Mtu anapiga: "Nimeshazima ruta mara sita, nimebadilisha DNS (ile inayotafsiri jina la tovuti kuwa namba) nimeweka 8.8.8.8, nimebonyeza kile kitundu cha nyuma nika-reset." Ukisikia kitundu cha nyuma unajua kazi imezaliwa. Mipangilio yote imefutika. Nyaya za baharini zikihudumiwa, mtaa mzima unapata intaneti isipokuwa yeye.

KeboNyekundu

binti_terminal umenipiga hadharani. Kitundu cha nyuma nilikibonyeza mimi. Kanisani, ibada inarushwa moja kwa moja, mchungaji ananiangalia, waumini wananiangalia, na mimi na pini ya karatasi mkononi.

binti_terminal

😂😂 Basi tusameheane.

Siku ile kilichohitajika kilikuwa amri mbili. Kwanza unapiga ping, yaani unaibishia hodi ruta yako mwenyewe uone kama inajibu, ile 192.168.1.1 au yoyote uliyonayo. Ikijibu, ujue kutoka kwenye kompyuta mpaka kwenye ruta hakuna shida, kwa hiyo ruta iache. Pili tracert, amri inayoonyesha vituo vya njiani, kwenda tovuti ya nje. Unaona mstari wa kwanza ruta yako, ya pili na ya tatu mitambo ya kampuni, halafu mbele huko nyota tupu. Ukiona nyota zinaanzia nje ya kampuni yako, rudisha pini kwenye karatasi zake ukaimbe na wenzako.

Mtandao una ngazi, na ufundi wake ni kujua uko ngazi gani kabla ya kushika kitu. Mfano mwingine wa kila siku: kompyuta imejipa anwani inayoanza na 169.254. Watu wanahangaika na DNS. Hiyo namba maana yake kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Shida iko chini zaidi: kebo, swichi, au kile kinachogawa anwani. Kubadilisha DNS hapo ni sawa na kupaka rangi paa la nyumba isiyo na ukuta.

Chuma_cha_Mjerumani

Haya yote mazuri lakini tusidanganyane. Nchi hii bila cheti hakuna anayekusikiliza. Mimi naweza kuweka seva ya Linux nimefumba macho, nimeitwa usaili mara tatu, mara tatu zote wamechukua wenye karatasi. Mleta uzi kama unataka kazi kasome VETA au diploma, daftari la mistari miwili halitakulisha.

jamaa_wa_luthuli

Niaje wakubwa, mimi niko Nairobi. Nakubaliana na Chuma nusu. Nilianzia Luthuli Avenue kwa kuuza simu na kurekebisha laptopu za watu, sina digrii. Nilifanya CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, ule mtihani 200-301, wakati wangu ulikuwa dola 300, dakika 120. Kwangu dola 300 ilikuwa pesa ya kuumiza, kwa hivyo nilisoma kama mtu anayedaiwa. Programu ya Packet Tracer ya Cisco ni ya bure, unachora mtandao wako wa ruta ishirini ndani ya laptopu moja, hakuna anayekuuliza kitu.

Lakini niwaambie kilichotokea kwa usaili wenyewe. Cheti waliangalia labda sekunde tano. Halafu yule mama aliyekuwa ananihoji akachukua kalamu akaandika kwa ubao 192.168.1.0/26, yaani kundi la anwani za mtandao, akaniuliza wangapi wanaingia na anwani ya mwisho ni ya nani. Nikamjibu 62, na .63 haipewi mtu kwa sababu ni ya kutangazia wote. Akauliza: "Na mtu akimpa printa hiyo .63?" Nikaanza kueleza nitakachokiona. Hapo ndipo tukaongea kama watu wa kazi moja. Cheti kilinifungulia mlango, lakini ndani ya chumba hakikuwepo cha kunisaidia.

Chuma_cha_Mjerumani

Mlango ndio huo nausema mimi. Wengine hatufiki hata kwenye ubao.

jamaa_wa_luthuli

Ni kweli, bro, sikatai. Una ile seva yako unaweka ukifumba macho, umeiandika mahali? Mtu akitaka kuona ulivyoiweka, ataona wapi?

Chuma_cha_Mjerumani

Iko kichwani.

jamaa_wa_luthuli

Sasa HR atasomaje kichwa chako?

sheikh_wa_darajani

Assalaam alaykum jamani. Nimekuwa nikisoma tu, lakini hapo kwa jamaa wa Nairobi naomba nikae.

Watu wanaona kusema "mimi nafanya kwa kupenda tu" ni unyonge. Tarehe 25 Agosti 1991 kijana wa Kifini, Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, umri miaka 21, aliandika kwenye kundi la watumiaji wa Minix, mfumo mdogo wa uendeshaji wa kufundishia, kwamba anatengeneza mfumo wa uendeshaji, na akawaambia wazi kuwa ni jambo la kujifurahisha tu, halitakuwa kubwa. Leo huo ndio Linux, na simu za Android mlizoshika hapo zina kiini chake ndani.

Wengi hadithi hii wanaisimulia ili waseme "ona, hata wewe unaweza". Mimi naiangalia pengine. Ujumbe ule alikuwa anauliza: mnapenda nini kwenye Minix, mnachukia nini? Kisha akaiweka kazi yake hadharani, ikiwa mbichi, watu wanaojua kuliko yeye wakaisoma na kumwonyesha makosa. Na sisi je? Mimi nilikaa miaka sita nikiwa fundi bora kabisa wa Darajani, kwa sababu walionizunguka wote walikuwa hawajui. Nani angeniambia nakosea? Mteja? Siku ya kwanza nilipopeleka skripti yangu kwenye mradi mmoja wa wazi mtandaoni, ikarudi na maoni kumi na moja. La kwanza: kwa nini umeweka chmod 777, ruhusa ya kila mtu kusoma na kubadilisha faili? Nimeiweka hiyo miaka yote kwa sababu "inafanya kazi". Maana yake nilikuwa naacha milango yote ya nyumba wazi ili nisihangaike kutafuta ufunguo.

Nilikasirika siku mbili. Ya tatu nikaanza kusoma ruhusa za mafaili upya, kama mtoto wa chuoni anayeanza alifu.

MpigaChabo

Nondo hizi. Nakazia tu.

MzeeWaSeva

Sheikh umegusa penyewe. Nami niongeze kidogo, maana 12 Mei imeshatajwa humu na mimi nina 12 Mei yangu.

Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017 virusi vya WannaCry vilienea duniani, vikafunga mafaili na kudai fidia. Hospitali Uingereza zilirudisha wagonjwa. Aliyevikwamisha ni Marcus Hutchins, kijana wa miaka 22 aliyejifundisha mwenyewe: aliona virusi vinauliza jina fulani la tovuti lisilo na mwenyewe, akalisajili, kuenea kukafifia. Vijana wangu wote wanaijua sehemu hiyo, wanaipenda. Wasichotaka kukisikia ni kwamba Microsoft ilishatoa kiraka cha tundu ambalo virusi vile vilipitia tarehe 14 Machi, miezi miwili kabla. Waliosasisha mashine zao Machi, Ijumaa ile walikunywa chai. Hakuna aliyewaandika magazetini.

(Na Hutchins mwenyewe baadaye alikiri mahakamani Marekani kwamba ujanani alitengeneza programu ya kuibia benki. Kwa hiyo mnaopenda kuchokonoa mitandao ya majirani "kujifunza", acheni. Jengeni maabara yenu.)

KeboNyekundu

Mzee, hiyo maabara ndiyo nilitaka kufikia. Mimi mshahara wa uhasibu na watoto wawili. Inaanzia wapi na kwa bei gani?

binti_terminal

Kwa bei ya laptopu uliyonayo. RAM ikiwa GB 8 inatosha kuanza. Weka VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta za kuigiza ndani ya yako, na ndani yake Debian (aina ya Linux) mbili bila madirisha ya picha, skrini ya maandishi tu. Moja iwe seva, nyingine mteja. Ya kwanza ifanye igawe anwani, ihifadhi mafaili, na uingie kwa ssh (njia ya kuiendesha mashine kwa mbali) ukitumia funguo, siyo nywila. Ikikaa sawa, anza kuiharibu. Mimi nilikuwa namwambia mdogo wangu: ingia kwenye seva, haribu kitu kimoja, usiniambie. Yeye hajui hata alichoharibu. Nakaa naitafuta. Kuna siku alibadilisha saa ya mashine tu, akaweka mwaka wa nyuma. Nilihangaika saa tatu, vyeti vya usalama vyote vinakataa, nikidhani ni mtandao. Somo hilo sijalilipia na siwezi kulisahau.

Kitu kimoja: usipoteze wiki kujaribu kuifungua seva yako ya nyumbani ionekane nje kwa laini ya simu. Kampuni nyingi za simu zinawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ukiona ruta yako imepewa anwani ya upande wa nje inayoanza na 100.64 hadi 100.127, ujue uko huko, na ufungue milango yote ya ruta, hakuna mgeni atakayefika.

Chuma_cha_Mjerumani

Nimekuwa kimya kwa sababu nilikuwa naandika. Swali la jamaa wa Nairobi lilinikera. Nimekaa jana na leo nikijaribu kuiandika ile seva yangu, hatua kwa hatua, kama ya kumpa mtu mwingine. Nikasema niifuate mwenyewe kwenye mashine tupu. Imekwama hatua ya nne. Kuna kitu nilikuwa nakifanya kwa mazoea na sijui hata ni kipi.

MzeeWaSeva

Karibu.

KeboNyekundu

Wakuu, mrejesho, maana ni wiki ya saba sasa.

Nimeweka Debian mbili. Mke wangu ndiye mharibifu wangu. Hajui kompyuta lakini ana roho ya uharibifu, juzi alibonyeza vitu viwili na kunitoa jasho mpaka saa sita usiku. Daftari la Mzee ninalo, kurasa 31. Nimehesabu kwa uhasibu wangu: mara 118 nimeandika natarajia nini, mara 49 nimekosea. Mwanzoni nilikuwa nakosea zaidi ya nusu.

Kazi za mtaani nimepunguza, na nimeanza kuzipokea kwa karatasi. Mteja anasema mwenyewe vitu vyake viko wapi, tunaangalia pamoja, anasaini. Wengine wameniona najidai. Mmoja alichukua laptopu yake akaenda kwa jamaa wa pembeni, imepigwa Windows kwa nusu saa, na inapiga kazi vizuri tu. Nimeumia, nisiseme uongo.

Mwalimu ameshawasilisha utafiti wake. Majedwali aliyaandika upya kwa mkono kutoka kwenye madodoso. Bado ananisalimia "injinia".

mgeni_wa_leo

Habarini wakubwa zangu, mimi mgeni humu. Laptopu yangu imekuwa nzito ghafla, nimeangalia Task Manager diski iko 100%. Nina kazi ya kukabidhi Ijumaa. Nipige tu Windows upya au kuna antivirusi mnanishauri?

KeboNyekundu

Karibu sana. Usipige chochote, na usiiwashe na kuizima tena. Nijibu haya kwanza: hiyo kazi ya Ijumaa iko kwenye folda gani, nakala yake nyingine iko wapi, na diski yako ni HDD au SSD?